Nani Amwonyeshe Nani Kipande?

Hapa Longisa wazee hawasemi kitambulisho. Wanasema kipande. Ukienda kwa chifu kuomba barua utaulizwa kama umebeba kipande. Ukimpeleka mgonjwa hospitali ya kaunti, kipande. Na asubuhi ya kura, kwenye foleni inayoanza kabla jua halijatoka, kila mtu amekishika mkononi kama nauli ya matatu. Sisi wa umri wangu tunasema ID. Lakini neno la wazee ndilo linalojua kitu hiki kilitoka wapi, na ukitaka kuelewa kwa nini Wakenya hawaamini uchaguzi wao, licha ya mashine zote tulizonunua, anza na safari ya neno hilo.

Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kusajili wenyeji mwaka 1915. Vita vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alitakiwa kupigwa chapa za vidole na kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake, mwajiri wake na mshahara wake. Karatasi iliwekwa ndani ya kijisanduku cha chuma, kijisanduku kikatiwa kamba, kamba ikaning'inia shingoni. Watu walikifananisha na kengele ya mbuzi. Hawakuwa wanatania. Mbuzi havalishwi kengele kwa faida yake mwenyewe.

Katika nchi ya chai kengele hiyo ilikuwa na kazi ya kila siku. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoanza kupanda chai Kericho miaka ya 1920, zilihitaji mikono, na zilihitaji mikono hiyo isiondoke ovyo. Mwajiri ndiye aliyejaza siku uliyoanza kazi na siku uliyoachiliwa. Ukitoroka kabla hajatia sahihi, karatasi yako ilionyesha kwamba wewe bado ni wa bwana fulani. Hakuna mwingine angekuandika kihalali, na polisi wakikukuta barabarani ilikuwa faini au jela. Harry Thuku alipoanza kuwahutubia watu Nairobi mwaka 1921, kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapinga, pamoja na kodi na kazi ya lazima. Akakamatwa Machi 1922. Umati ulipokusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, polisi wakafyatua risasi, na Mary Muthoni Nyanjiru akawa mmoja wa waliokufa.

Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo shuleni hatukufundishwa. Mwaka 1947, baada ya miaka mingi ya malalamiko, serikali ilitunga sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, ili lawama ya ubaguzi iishe. Walowezi wakakataa. Chapa za vidole, walisema, ni za wahalifu. Fikiria hapo kidogo: kitu ambacho Mwafrika alikuwa amefanyiwa kwa zaidi ya miaka 25, Mzungu alipoguswa nacho tu alikitambua mara moja kuwa ni fedheha. Tume ya Sir Bertrand Glancy ikaundwa, na mwaka 1950 ikapata njia ya katikati. Anayeweza kujaza fomu kwa Kiingereza angetosheka na sahihi na picha. Asiyeweza, alete vidole.

Huko kwao, Waingereza waliokuwa wamepewa vitambulisho wakati wa vita walivitupa mwaka 1952. Wapiga kura wa England walianza kutakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Mei 2023, na watu wapatao 14,000 wakaondoka vituoni bila kupiga kura. Kulikuwa na makelele makubwa, na haki yao. Sisi tulikuwa tumeonyesha kwa zaidi ya miaka 100.

Kura ya Mwafrika ilipokuja, ilikuja na karatasi zake. Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao 8 wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, wakiwemo Tom Mboya na Oginga Odinga. Si kila mtu alipiga, na si kila aliyepiga alikuwa na kura moja. Kwa mpango wa Walter Coutts ulipimwa kwa elimu, mali, kipato, umri na utumishi wako, na kulingana na vipimo hivyo ungeweza kupewa kura moja, mbili au tatu. Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru kulikuwa na sharti la ziada, kwa sababu ya vita vya Mau Mau: ilibidi uwe na cheti cha kuonyesha kwamba wewe ni mtiifu kwa serikali. Yaani serikali ilikagua kwanza kama unaipenda, ndipo ikakuruhusu kusema kama unaipenda.

Nilimuuliza kogo, nyanya yangu mzaa baba, alipiga kura mara ya kwanza lini. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua macho.

"Ile ya uhuru."

"Na kipande ulikuwa nacho, kogo?"

Akacheka. "Kipande kilikuwa cha wanaume. Mimi nilisema jina langu, mzee wa kijiji akasema huyu namjua, ni mke wa fulani. Wakaniandika, wakanipa kadi. Kwisha."

Nilikwenda kuangalia sheria nikakuta kumbukumbu yake iko sawa. Sheria ya kuandikisha watu haikuwahusu wanawake hadi ilipobadilishwa mwaka 1978. Maana yake ni kwamba wanawake wa Kenya walipiga kura 1963, 1969 na 1974 bila kitambulisho cha taifa, na jamhuri haikuanguka. Waliandikishwa kwa sababu walijulikana. Kogo alipata kipande chake akiwa ameshazaa watoto wake wote, na tarehe ya kuzaliwa iliyomo ndani ilibuniwa na karani aliyemtazama usoni akakadiria.

Sasa mtu atasema, hizo zilikuwa siku za watu wachache, leo tuko mamilioni, lazima tuthibitishane. Sikatai. Ila kabla hatujakubaliana kwamba tatizo la uchaguzi wetu ni mpiga kura asiyejulikana, hebu tuutazame mwaka 1988.

Huo ndio mwaka wa mlolongo. Katika mchujo wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa, watu walipanga foleni mchana kweupe nyuma ya mgombea wao au wakala wake, na mgombea aliyepata asilimia 70 au zaidi alipita moja kwa moja bila kura ya siri. Kwa upande wa utambulisho hakujawahi kuwa na uchaguzi safi kuliko huo. Hakuna aliyeweza kujifanya mtu mwingine, hakuna maiti aliyesimama kwenye foleni, hakuna aliyepiga mara mbili. Kila mtu alimwona kila mtu. Hata hivyo, sehemu nyingi foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu na foleni ndefu ikatangazwa kuwa fupi, mbele ya macho ya waliosimama. Wazee wa hapa bado wanasema "ni mlolongo" wakimaanisha jambo ambalo kila mtu ameliona na bado anaambiwa hakuliona.

Mimi nauchukulia mwaka huo kama jaribio ambalo hakuna mtu alilipanga. Ukiondoa kila shaka juu ya mpiga kura, ukamwanika juani akahesabiwa kama ng'ombe, na matokeo bado yakawa ya uongo, basi uongo hauko kwake. Uko kwa anayeshika kalamu.

Mlolongo uliondolewa baada ya kelele nyingi, vyama vingi vikarudi, tukaelekea uchaguzi wa Desemba 1992. Hapo kipande kilionyesha hila yake nyingine, ambayo haihitaji hata sheria mbaya: kuchelewa. Ilikadiriwa kwamba vijana wapatao milioni moja waliokuwa wamefikisha umri hawakuandikishwa kwa sababu vitambulisho vyao havikuwa vimetolewa. Katika Bonde la Ufa, mapigano ya kikabila yalikuwa yamewafukuza watu makwao, na nyumba ikiungua kipande na kadi ya kura huungua ndani yake. Huwezi kupiga kura ulikoandikishwa kwa sababu umefukuzwa, na huwezi kujiandikisha ulikokimbilia kwa sababu huna karatasi. Hakuna aliyekunyima haki. Umeambiwa tu urudi kesho.

Na si kila Mkenya aliambiwa arudi kesho kwa sauti ileile. Wasomali wa Kenya walipangiwa msasa wao mwaka 1989, waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho. Wanubi wa Kibra wamekaa vizazi wakihojiwa na kamati kuhusu babu zao. Msasa wa kaunti za kaskazini mashariki ulitangazwa kufutwa Februari 2025 tu. Zanzibar nako wanaijua hadithi hii: pale, bila kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi huandikishwi kupiga kura, na safari ya kukipata inapita kwa sheha, ambaye ni mteule wa serikali. Agosti 2009 uandikishaji wa wapiga kura katika jimbo la Ole, Pemba, ulisimamishwa kwa sababu ya mvutano huohuo.

Hoja bora ya wanaotaka utambulisho mkali ni uchaguzi wa 2007, na ninaitaja kwa sababu ni hoja ya kweli. Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi ule, ilikuta daftari la wapiga kura lenye majina ya zaidi ya watu milioni moja waliokwishakufa. Siku ya kura, ambaye jina lake halikuonekana kwenye daftari lililochapishwa aliruhusiwa kupiga ikiwa alipatikana kwenye kitabu cheusi, yaani kitabu cha kuandikia kwa mkono. Ukitaka kuiba, hilo lilikuwa shamba lisilo na ua. Kriegler pia hakubagua. Alisema wizi ulionekana kwenye ngome za pande zote mbili, mahali ambapo idadi ya waliopiga ilikuwa haiaminiki na mawakala wa upande wa pili hawakuwepo. Bomet ilikuwa ngome, tusijidanganye. Katika ngome, swali la "huyu ni nani?" halina mtu wa kuliuliza.

Lakini soma Kriegler hadi mwisho uone uzito ulipoangukia. Kilichoharibika zaidi kilikuwa kuhesabu, kujumlisha na kutangaza. Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, aliyemtangaza Mwai Kibaki mshindi, alisema baadaye kwamba hajui kama kweli alishinda. Zaidi ya watu 1,000 walikufa. Na jibu letu kama taifa likawa nini? Tukamnunulia mpiga kura mashine.

Mwaka 2013 tukachukuliwa upya chapa za vidole, wote milioni 14, safari hii kwa kompyuta. Siku ya kura, Machi 4, vifaa vya kututambua vikazima katika vituo vingi. Betri ziliisha, nywila zilikosekana, umeme haukuwepo, watu wakarudishwa kwenye daftari la karatasi. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu tukajifunza kwamba nyuma ya mashine kulikuwa na kitabu tena, cha kijani safari hii. Mwaka uliofuata, mahakama ya London iliwatia hatiani wakuu wa kampuni ya uchapishaji ya Smith & Ouzman kwa kuwahonga maafisa wa Kenya, wakiwemo wa tume ya uchaguzi, ili wapate zabuni. Rushwa yenyewe waliiita "kuku". Kwa hiyo huku chini bibi kizee anaambiwa vidole vyake havisomeki, kwa sababu kazi ya shamba imevifuta mistari, na kule juu wanagawana kuku.

Mwaka 2017 mashine zikawa bora. Siku chache kabla ya kura, Chris Msando, meneja wa teknolojia wa tume, aliuawa. Agosti 8 tukapiga. Septemba 1 Mahakama ya Juu chini ya David Maraga ikaufuta uchaguzi wa rais, kwa mara ya kwanza Afrika. Tafadhali angalia sababu zake. Hazikuwa kwamba wafu walipiga kura au kwamba wageni walijipenyeza. Zilihusu jinsi matokeo yalivyosafirishwa na kujumlishwa: fomu zisizo na alama za usalama, mshindi aliyetangazwa kabla fomu zote za vituo hazijafika, na seva ambazo mahakama iliamuru zifunguliwe na tume ikakataa. Sisi tulikuwa tumeonyesha vidole vyetu vyote kumi. Tume haikutaka kuonyesha seva.

Hapo ndipo neno la wazee linaponirudia. Kipande kilibuniwa ili serikali ikuone wewe bila wewe kuiona. Kilibadilika rangi, kikatoka shingoni kikaingia mfukoni, kikaacha karatasi kikawa plastiki, lakini kinatazama upande uleule. Kila tunapoibiwa juu, tunakaguliwa chini. Imani haiwezi kujengwa hivyo, kwa sababu imani ni ya kupokezana.

Katika miaka hii yote nimeona mara moja tu serikali ikionyesha kipande chake. Agosti 2022 tume iliweka fomu 34A za vituo vyote 46,229 kwenye tovuti, mtu yeyote azifungue. Asubuhi baada ya kura nilikwenda shule ya msingi iliyo karibu nasi. Fomu ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa darasa kama sheria inavyotaka, na wazee watatu walikuwa wanaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Nikaitafuta kituo hichohicho kwenye simu. Tukalinganisha. Zilikuwa sawa, tarakimu kwa tarakimu. Mzee mmoja akasema, "Basi hapa hawajatudanganya," akavaa kofia yake akaenda kukama. Sijawahi kusikia mtu akiisifu serikali zaidi ya hapo, na hakukuwa na mashine ya vidole kwenye sifa hiyo. Ni kweli kwamba siku chache baadaye makamishna 4 kati ya 7 waliyakana matokeo ya taifa, na kesi ikaenda hadi Septemba 5. Lakini mabishano yale, tofauti na ya 2007, kila mtu aliweza kuyafanya akiwa na fomu mkononi.

Mwaka huohuo tume ilisema vijana walikuwa asilimia 39.84 ya wapiga kura walioandikishwa, na kwamba idadi yao ilikuwa imeshuka kwa asilimia 5.27 kutoka 2017, katika nchi ambayo wengi ni vijana. Wazee wa vyama wanatuita wavivu. Binamu yangu, aliyefikisha miaka 18 juzi, si mvivu. Anachuma chai Konoin wakati wa likizo, na kitambulisho chake alikifuatilia miezi mitano, mara hii barua ya naibu chifu, mara ile nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mamake. Nilipomwambia akajiandikishe kura aliniuliza, "Nijiandikishe ili wanihesabu vipi?"

Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kumwambia ni wajibu wake. Makamishna wa mwisho wa tume waliondoka mapema 2023, na wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Watu wa Banissa kule Mandera, mbunge wao alipofariki Machi 2023, walikaa bila mbunge hadi uchaguzi mdogo wa Novemba 2025. Walikuwa na vipande vyao mfukoni muda wote huo. Aliyekosekana alikuwa ni wa kuwauliza.

Nilimsomea binamu kifungu cha 83 cha Katiba, kinachosema kwamba mipango ya kuandikisha wapiga kura iwe ya kumsaidia raia anayestahili kupiga kura, isiwe ya kumnyima. Akasema ni maneno mazuri. Kisha nikamsimulia kuhusu mlango wa darasa na wale wazee watatu, na hapo ndipo alipoacha simu yake akasikiliza. Hakujua kwamba mtu wa kawaida anaruhusiwa kuisoma fomu hiyo. Hakujua kwamba kituo kimoja kina wapiga kura wasiozidi 700, idadi ambayo kijiji kinaweza kuijumlisha chenyewe kwa kalamu.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Ukiwa na kipande, kakionyeshe, sheria ndivyo ilivyo. Lakini usirudi nyumbani moja kwa moja. Kura huhesabiwa palepale usiku, na fomu hubandikwa mlangoni wakimaliza. Ipige picha mapema, kwa sababu Agosti huku kwetu ni mwezi wa mvua, na gundi yao si ya kutegemewa.